Bafu la Nyumba Mpya

Doreen mwanangu,

Pai iko jikoni, ipashe moto. Nimekwenda kwa shangazi yako Elsie ~~kumsaidia kufua~~ kumringia bafu. Tangu vita viishe tunaingoja nyumba hii ya halmashauri, acha niringe!

Leo asubuhi nimeoga peke yangu, mlango nimeufunga. Kutoka, namkuta baba yako kasimama na taulo, anangoja maji yangu, kama enzi za beseni la bati kule nyumba ya zamani Salford, tulipopokezana maji yaleyale. Nikamwambia, "We Wilf, fungulia bomba! Ya moto yapo tele!" Akacheka mpaka akakaa chini.

Wewe kitindamimba, miaka yote umeoga wa mwisho, maji yetu meusi yaliyopoa. Leo jaza bafu mpaka shingoni. Ukimaliza, chomoa kizibo. Yaende yote, asiyarithi mtu.

Mama