Solenne ndani ya mnara wa boksi

Maëlle, nicheke au nilie? Leo Solenne alikuwa afanye mazoezi ya ile dansi ya peke yake aliyoililia miaka. Bastien mchoraji akamvika vazi alilolibuni mwenyewe, mnara wa boksi kuanzia magotini hadi juu ya kichwa.

Zipu ikagoma kufunguka. Solenne akaanza kupiga ngumi humo ndani: "Nitoeni jamani, pumzi inakata."

Unajua mtunzi wetu wa muziki, Régis, alifanya nini? Alikaa kwenye piano akafuatisha zile ngumi. Akafuatisha, Maëlle.

"Usiache, mrembo. Muziki ulikuwa unangoja hicho."

Bastien naye: "Basi na kidirisha cha macho nakiziba."

Alipotolewa, jasho likimchuruzika, akauliza, "Na dansi yangu?"

"Si umeshaicheza," Régis akamjibu.

Kesho mama yake Solenne anatoka Nantes kuja kumtazama jukwaani. Zipu wameishona kabisa, isifunguke.