Gari la Wilfred Nililoliosha

Louth, Jumapili

Dada Beryl mpendwa,

Goti langu lina nafuu kidogo, ila mvua haijakata. Gari la marehemu Wilfred limeuzwa, lile jekundu la mbio lililokaa bandani miaka thelathini na moja, kila mwaka akisema atalitengeneza mwakani.

Watu wa chama chake cha magari ya kale walikuja jana, wanne. Nilikuwa nimeliosha tangu asubuhi, nisiaibike mbele ya wageni. Mzee Pargeter alipoliona akavua kofia kama yuko msibani.

"Mama, umetumaliza. Vumbi lile ndilo tulilolifuata. Gari ambalo halijaguswa halipatikani siku hizi."

"Vumbi lipo tele bandani," nikamjibu, "jichotee."

Wakacheka, wakalinunua hivyo hivyo. Kisha Pargeter akafungua mlango, akawaonyesha wenzake kiti cha dereva, kilivyobonyea pale alipokuwa akikaa Wilfred.

"Hiki hakiguswi," akawaonya. "Mwenyewe bado yumo."

Dada, godoro letu mimi na Wilfred, nalo lilibonyea upande wake, nililitupa wiki ile ile ya mazishi. Hakuna aliyeniambia nisiguse.

Mdogo wako,
Hilda