Vitenge sita vya Koko

Beni, Jumamosi, tarehe 14 Juni

Leo nitaandika yote, hata lile linalonichoma.

Mwalimu wa uchumi alitufundisha kwamba kampuni ya ndege yenye tiketi rahisi hutafuta faida yake kwenye kilo za mizigo. Nikajiona mjanja. Bibi yangu, Koko kama tunavyowaita bibi wote huku, alikuwa anakwenda Bunia kwa ile ndege mpya ya nusu bei. Nikamshauri avae vitenge vyake vyote sita, kimoja juu ya kingine, ili mfuko uwe mwepesi.

Tulipofika uwanja wa ndege, kumbe ndege ni ndogo, hata abiria anapimwa pamoja na mfuko wake!

"Mama, kilo zimepita," karani akasema. "Ulipe ao upunguze."

"Ni mujukuu wangu alisema nivae hivi," Koko akajibu. "Yeye anasoma sana."

"Koko amevaa magazini muzima ya vitenge!" mtu akapiga kelele, foleni yote ikacheka.

Akaanza kuvua vitenge mbele yao, huku akiita jina langu nije nivipokee. Nilikuwa hatua tano tu. Nikageukia ukuta nikasoma bei za tiketi, kama mtu asiyemjua.

Kesho atapiga simu kutoka Bunia. Koko, uliponiita, ulijua kwamba ninasikia?