Kiondo cha Susu Kimefika Kikima

Susu, bibi yangu wa Ikutha,

Huku Kikima ukungu unaingia mpaka kwenye kikombe cha chai, na avokado nimekula hadi nguo zinanibana! Semina yetu ya mionzi ya kutibu saratani imepamba moto. Jana tulipewa picha za skani za mazoezi, mwili umekatwa vipande vyembamba kama mkate, tuuzungushie uvimbe mstari ili mionzi ichome hapo tu. Wenzangu walichora picha moja, wakaruka tano, kompyuta ikawajazia, wakaenda chai. Mimi nilichora moja baada ya nyingine, wakanicheka. Mwalimu alipozipanga pamoja, mistari yao ilikuwa imeingia kwenye uti wa mgongo. Wangu uliukwepa wote.

"Nani alikufunza kutoruka?" akauliza.

Nikasema ni susu yangu, msusi wa viondo, vile vikapu vya mkonge. Darasa zima lilipiga makofi, na hayo makofi ni yako!

Kunywa maji, jua la huko halina huruma. Na kile kiondo changu cha kwanza, ulichokifumua chote kwa sababu niliruka mzunguko mmoja, nikalia hadi jioni? Leo nimekusamehe.

Mjukuu wako, Mwende