Furu Bila Sangara

Nyakato, Musoma
6 Februari 1994

Kwako kaka Masatu,

Shikamoo. Sisi wazima, ila mama kifua kinambana kidogo. Huko Nyasura mnaendeleaje, wewe na Yunusu?

Tangu wewe na Yunusu mgombane na mwenzetu Enoka kwa kuweka jina lake peke yake kwenye gemu letu, mkahamia huko, chumba cha kompyuta pale misheni kimepoa. Baba mdogo Wambura alidhani anatusuluhisha, akagawa programu kama shamba la marehemu: ninyi kanda ya kaseti yenye sangara, mimi na Enoka yenye furu, samaki mdogo anayeliwa na sangara. Mzee akishagawa, nani abishe? Sasa furu wangu anaogelea tu, hakuna wa kumkimbiza. Watoto wananiuliza, "Dada Getruda, huyu samaki yuko likizo?"

Kaka, mimi naongeaga vizuri kwenye karatasi tu. Nataka tutengeneze gemu pamoja tena, wewe unasoma mistari ya programu, mimi nachapa. Pasaka nije Bunda na kanda yangu?

Mdogo wako,
Getruda

Nyasura, Bunda
20 Machi 1994

Mdogo wangu,

Habari za huko? Sisi wazima, umeme tu ndio unatusumbua. Mpe mama pole.

Nimechelewa kujibu. Yunusu ameandika furu mpya, anakata kona, anajificha hata kwenye magugu. Kundi letu tumeliita Nyasura Gemu, na watu wanapanga foleni. Yunusu anasema furu wa Musoma alitembea kama bibi harusi. Nilicheka, usikasirike.

Kwa hiyo kanda baki nayo. Pasaka usisumbuke, tutabanwa na kazi. Soma, kidato cha tatu si mchezo.

Kaka yako,
Masatu

Nyakato, Musoma
Jumatatu ya Pasaka, 1994

Kwako kaka,

Shikamoo. Mama kifua kimeachia.

Kwanza niliandika kwa Kiingereza kwamba nimefurahi, maana kwa Kiingereza uongo wangu hautetemekagi. Nikaichana karatasi. Furu nilimpunguza mbio kwa sababu wewe uliniambia, ili watoto wadogo nao waweze kucheza.

Mama hasomi, unajua. Barua yako nilimsomea mimi. Nilipofika kwenye Pasaka nikakwama.

"Endelea basi. Kaka yako anasemaje?"

Nikamwambia unasema chumba chenu ni kidogo, mkipata kikubwa utaniita.

Mama amelifua begi la baba la safari, ameliweka juani, liwe tayari siku utakayoniita. Nimekaa mlangoni, naliangalia linavyokauka.

Mdogo wako,
Getruda