Vidole Viwili vya Mtutu

Jumanne, 23 Machi 1976

Mvua tangu asubuhi. Karakanani leo springi ya lori la Salum na baiskeli mbili, basi. Mikono inanuka dizeli hata baada ya kuoga.

Jioni nimemaliza bunduki ya upepo ya baba mkwe. Ilikuwa imeishiwa nguvu. Ile washa ya ngozi ya ndani, inayozuia upepo usivuje, ilikauka ikapasuka. Nimekata nyingine kwenye ulimi wa kiatu changu cha zamani, nikailoweka mafuta. Sasa inapiga mpaka gunzi linaruka. Kazi safi, najisifu mwenyewe kwa kuwa hakuna mwingine wa kunisifu.

Mzee anaisubiri. Tangu wahamishiwe kijiji kipya ng'ambo ya Mwazye, jembe limemshinda. Kiuno. Kamati ikampa kulinda shamba la ulezi la kijiji, kufukuza njiwa na ngedere. Mke wangu Rozalia anasema tangu apewe kazi hiyo baba yake anatembea kifua mbele. Kijiji kizima hakuna mwenye shabaha kama yake. Ulezi unakaribia kuiva. Salum ataipeleka Jumamosi.

Jumapili, 28 Machi

Lori halikwenda. Njia mbovu.

Mimi ni mpumbavu. Niandike hilo kwanza, mengine yafuate.

Baada ya misa nikaichukua bunduki kwenda nayo kilabuni. Si yangu. Nilitaka tu nionekane nayo. Nikapiga kopo mara tatu, watu wakashangilia, wakaninunulia pombe, nikanywa. Kurudi, kwenye mteremko wa Chanji, baiskeli ikateleza. Mimi nikaangukia matope, bunduki ikaangukia jiwe. Mdomo wa mtutu umebonyea, risasi haipiti.

Rozalia alikuwa jikoni. Nikaipitisha dirishani kama mwizi, ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Jumatatu, 29 Machi

Nimekaa nayo mchana kutwa chini ya meza ya kazi, nimeifunika gunia.

Ningemwambia Mzee? Vipi? Mkwe hamkabili mkwewe na jambo la aibu. Hata sahani moja hatuli. Nikiingia yeye amekaa, nakaa pembeni, natazama chini, najibu nikiulizwa. Likiwapo neno zito anatumwa mshenga wa ndoa, naye huenda na jembe jipya mkononi ili wajue kuna kosa. Mshenga wetu, Mzee Dionizi, akishika jembe kijiji kizima kinajua kabla hajafika. Fundi wa mjini kaharibu bunduki ya mkwewe akiwa amelewa. Hapana.

Jioni wenzangu walipoondoka nikaibana kwenye jiliwa, nikakata kwa msumeno wa chuma. Vidole viwili tu. Kile kinundu cha kulengea cha mbele nikakibandua, nikakirudisha nyuma kidogo, nikakilehemu. Nikapitisha tupa mdomoni. Kile kipande nimekitupa chooni.

Jumatano, 31 Machi

Mtutu uliokatwa unang'aa nchani, chuma kipya kando ya kikuukuu. Mtoto angejua. Kwa hiyo nimeusugua wote kwa msasa mpaka ukawa mweupe, nikaupaka maji ya ndimu na chumvi, nikautundika jikoni kwenye mvuke. Kutu ikaota nyekundu. Nikauchemsha kwenye karai, kutu ikageuka nyeusi. Nikafuta, nikapaka tena. Mara tatu.

Rozalia ndiye aliyekamua ndimu. Nilimwambia kutu imekula mtutu wa baba yake, naupa rangi mpya. Akafurahi. Akaenda mwenyewe kwa jirani kuomba ndimu nyingine. Nilishindwa kumtazama.

Rangi imekubali vizuri sana. Nyeusi imekolea, laini kama ngozi. Nikajikuta natabasamu. Kisha nikajichukia.

Alhamisi, 1 Aprili

Salum alipiga honi saa mbili asubuhi, njia imefunguka. Bunduki sikuijaribu. Risasi zilikuwapo, muda haukuwapo. Huo ndio uongo wa leo. Muda ulikuwapo. Niliogopa kuona inapiga wapi.

Nikaizungushia gunia, nikamkabidhi. Nikarudi kazini nikiwa mwepesi kama mtu aliyetua mzigo. Rozalia alipika wali.

Jumapili, 11 Aprili

Salum karudi. Kaleta jogoo na debe la unga wa ulezi kutoka kwa Mzee. Shukrani kwa fundi. Bunduki inang'aa kuliko siku aliyoinunua, na kijijini anamwonyesha kila mtu. "Kazi ya mkwe wangu hiyo."

Jogoo kachinjwa. Mimi nikapewa paja. Nilikula. Sijui nilikulaje.

Alhamisi, 15 Aprili

Salum tena, karakanani, huku nikiwa chini ya lori lake. Kasema kama jambo la kuchekesha: Mzee anakosa. Anakosa njiwa, ngedere, hata kopo. Watoto wanamcheka. Ngedere wameingia shambani mara mbili, na kamati inamwangalia kwa jicho jingine. Nikamwuliza Mzee mwenyewe anasemaje.

"Anasema macho. Uzee umemwingia ghafla."

Sikutoka chini ya lori mpaka alipoondoka. Mzee hakusema ni bunduki. Bunduki katengeneza mkwe wake, itakuwaje mbovu? Mkwe wake fundi.

Jumamosi, 17 Aprili

Kitubio cha Pasaka. Nimemwambia padre nimelewa, nimetukana, nimekula nyama siku ya Ijumaa. Bunduki sikuitaja. Akanipa Salamu Maria tano. Nikazisali haraka haraka, nikatoka nikiwa mchafu kuliko nilivyoingia.

Jumatatu, 19 Aprili

Tuko kwa wakwe. Tumekuja na lori la Salum, Rozalia kataka kumwona baba yake.

Nilidhani najua ubaya wa nilichofanya. Sikujua. Macho ya Mzee ni mekundu kama pilipili, yanatoa machozi. Anatia maji ya majani aliyopewa na jirani, asubuhi na jioni. Yanamchoma, anavumilia. Akilala analia, mama mkwe kamwambia Rozalia. Na Alhamisi anaondoka kwenda Kirando. Yuko mtu huko anayekwangua macho kwa kisu kidogo. Kwangua! Macho mazima!

Niliposema shikamoo aliitika akitazama kidogo pembeni yangu. Kisha kwa heshima akanionyesha bunduki, kaifunga kwenye kanga ya mkewe. Akalenga kopo juu ya kichuguu. Akakosa. Niliiona risasi ikirusha vumbi kushoto, shibiri nzima. Akalenga tena. Kushoto palepale.

"Hata mikono inanidanganya," akasema. "Naiona nyepesi siku hizi."

Nyepesi. Vidole viwili vya chuma, mkono wake ulijua. Nami nilikaa pembeni, nikatazama chini, adabu tupu.

Jumanne, 20 Aprili

Asubuhi nimemwambia Rozalia, kisimani. Yote. Kilabu, pombe, jiwe, msumeno. Hakulia, hakunitukana. Akauliza swali moja.

"Na zile ndimu?"

Nikasema ndiyo, na zile ndimu. Akajitwika ndoo akaondoka.

Mchana nimekwenda kwa Mzee Dionizi, nusu saa kwa miguu. Nimebeba jembe jipya, nimelinunua palepale dukani kijijini, watu wakinitazama. Nikamwomba anipelekee maneno. Akasikiliza mpaka mwisho, akanirudishia jembe.

"Mimi ni mshenga wa ndoa. Ndoa haina ugonjwa. Chuma ulikata peke yako."

Nimerudi na jembe langu begani. Keshokutwa ni Kirando.

Jumatano, 21 Aprili

Nimesema.

Alikuwa uani, kichupa cha dawa mkononi, anainamisha kichwa nyuma. Nikamshika mkono. Mkwe kumshika mkwewe mkono! Mama mkwe alikimbilia ndani. Nikapiga magoti mbele yake, nikamtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake, miaka sita. Nikasema, baba, macho yako mazima. Bunduki nimeikata mimi.

Hakuelewa. Nikarudia. Akauliza nimekata kiasi gani. Nikaonyesha vidole viwili. Akaichukua bunduki, akaweka vidole vyake mbele ya mdomo wa mtutu, pale palipokuwa na chuma, akaviacha hapo kwa muda mrefu. Mimi nalia kama mtoto. Yeye hapana.

Kisha akamwaga ile dawa chini.

Nilikuwa na tupa kwenye mkoba. Mdomo nilikuwa nimeukata upande. Nikaunyoosha polepole, nikakipunguza kinundu upande wa kulia, nikampa. Tulikwenda sisi wawili nyuma ya boma. Akapiga kopo. Akapiga tena. La tatu alilipiga likiwa linabingirika, na macho yake yale yanachuruzika machozi.

Nikasema nitakwenda kwenye mkutano wa kamati jioni, nitaeleza mbele ya watu wote. Hapo ndipo alipokasirika. Mara moja tu, kwa sauti ndogo.

"Utawaeleza kuwa mume wa binti yangu ni mlevi na mwongo? Nimewaonyesha bunduki hii nyumba kwa nyumba. Nikianza kupiga sawa leo, watauliza ilikuwa na nini. Nyamaza."

Alhamisi, 22 Aprili

Mkutano wa jana jioni ulikuwa chini ya bati la ghala. Nilikaa nyuma. Mzee alisimama kabla hajaulizwa. Akasema macho yake yamechoka, shamba apewe kijana, yeye wamtafutie kazi ya kukaa. Mwenyekiti akamshukuru. Watu wakapiga makofi. Bunduki akaikabidhi kwa kamati, ikafanye kazi ya kijiji. Kijana aliyepewa akaijaribu palepale, ikapiga sawasawa. Wote wakageuka kumtazama Mzee kwa huruma. Imethibitika, basi: bunduki nzima, mzee ndiye mbovu.

Nilitaka kusimama. Alinitazama kutoka kule mbele, nikabaki nimekaa. Sijui kama huo ulikuwa utii au woga uleule wa siku zote. Nadhani woga.

Hakwenda Kirando. Hilo angalau.

Jumamosi, 24 Aprili

Tumerudi kwetu Chanji. Njia nzima Rozalia kakaa mbele na Salum, mimi juu ya magunia. Nyumbani kapika, kanitengea, kaenda kula jikoni. Haki yake.

Ijumaa, 30 Aprili

Nimekwenda tena kwa padre. Safari hii nimesema. Akauliza kama nimerudisha nilichochukua. Nikamwambia hakirudishiki.

Jumapili, 23 Mei

Jua, baridi kidogo, upepo wa asubuhi umeanza. Rozalia kaanza kuzungumza nami, mambo ya chumvi na mafuta ya taa.

Salum kapita kutoka Mwazye. Ulezi wa kijiji umevunwa salama. Mzee hajambo, macho yamekuwa meupe tena. Wamempa kuchambua maharage ya ghala pamoja na akina bibi. Salum anasema kaketi naye nusu saa. Hakuna kijiwe kinachompita, hata vile vidogo vyenye rangi ya maharage. Anaviokota kimoja kimoja, anaviweka pembeni. Akina bibi wanamwuliza mbona anaona hivyo, naye anasema ni vidole tu, vimezoea.

Nikamwuliza kama kanitumia salamu. Kasema ndiyo, kama kawaida. Nimwambie Rozalia kuwa wote wazima.