Shafti ya Trekta ya Baba

Mwanza, 7 Februari 1999

Mdogo wangu Cyiza,

Salamu nyingi kutoka huku. Sisi hatujambo, ila macho yangu yameamua kustaafu kabla yangu. Barua hii anaiandika shemeji yako Saidati, na ya kwako atanisomea yeye, kwa hiyo andika Kiswahili. Kinyarwanda chako kitamshinda. Mkeo Pulchérie mzima? Na watoto? Tumesikia huko Nyakiriba risasi zimenyamaza. Mungu ashukuriwe.

Sasa sikiliza. Trekta ya baba bado ipo bandani? Kama waporaji wote wa vita waliipita, basi inatungoja sisi. Ifufue! Una ng'ombe watano na mpaka leo unawakatia majani kwa mundu. Huku kiwanda kimoja cha pamba kinauza mashine za kukata majani, za kufunga nyuma ya trekta. Zipo aina mbili: moja ina meno marefu pembeni, yanakata kama mkasi, nyingine ina visu vinavyozunguka chini ya bati. Niambie ipi itafaa kwetu. Ile shafti ya nyuma, inayozungusha mashine, nitakutafutia nyingine.

Ila neno moja: Théoneste asiiguse. Dereva kala kwetu miaka kumi, baba kampa ng'ombe, halafu anatuibia shafti! Baba alifanya vizuri kumnyang'anya yule ng'ombe. Mimi ndiye niliyemfungua kamba, na wala sijutii.

Mkubwa wako,
Gakwaya

Nyakiriba, 20 Machi 1999

Kaka mukubwa Gakwaya,

Amahoro. Barua nimeipata ku paruwasi, kwa padri. Sisi tuko bazima, Pulchérie anakusalimia, mutoto mudogo alikuwa na kikohozi lakini imeisha. Pole sana na macho. Shemeji Saidati, asante kwa kazi.

Bon. Trakteri iko. Kuku zilikuwa zinataga ku kiti ya dereva, nikazifukuza, zikanitukana vibaya. Tulimwaga mazuti ya zamani ya ku tangi, ilikuwa nzito sawa asali. Tukasafisha filtre, tukatoa hewa ku pompe, tukaazima batterie ya lori kule Rugerero. Siku ya tatu ikakohoa, ikatoa moshi mweusi, halafu ikanguruma! Yee, kaka! Bamama balikimbia, balizani vita imerudi. Balipojua ni nini, balicheka mpaka bakakaa chini. Mi nililia, usinicheke.

Mashine ya meno, hapana. Shamba yetu iko na mawe ya volcan yamejificha mu majani. Asubuhi moja tu meno yote itakwisha. Tuma ile ya visu. Lakini angalia kila kisu kifungwe na bulon yake moja, ili kikigonga jiwe kirudi nyuma, kisivunjike. Na isipite mita moja na nusu upana, sababu ya kilima. Trakteri inaweza kupinduka.

Juu ya Théoneste, tuache maneno ya zamani. Ni muzee sasa.

Mudogo yako,
Cyiza

Mwanza, 18 Aprili 1999

Mdogo wangu,

Sisi wazima, nanyi mkiwa wazima tunashukuru. Saidati amenisomea barua yako mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka hao kuku. Mara ya pili nikaacha kucheka.

Cyiza, wewe bolti na msumari huvitofautishi. Si wewe uliyejaza maji kwenye tangi la mafuta? Hayo ya kisu kurudi nyuma, hayo ya upana na kilima, ni maneno ya Théoneste, namsikia kabisa. Umemwingiza uani kwa baba, na baba amelala kaburini hapo hapo nyuma ya nyumba?

Tena kuna jambo linaninyima raha. Kwetu mtu akinyang'anywa ng'ombe aliyepewa, ni sawa na kuvuliwa nguo sokoni. Mtu wa namna hiyo anarudije kuwafufulia trekta watu waliomvua? Mwizi angekataa, au angetaka kitu. Alitaka nini? Mashine nimeshaichagua, hiyo hiyo ya visu, lakini haitoki Mwanza mpaka unijibu.

Mkubwa wako,
Gakwaya

Nyakiriba, 6 Juni 1999

Kaka,

Mwili ni muzima, na nyumbani bote bazima. Shemeji Saidati, unisamehe. Maneno haya itapita mu mudomo yako, na we huna kosa. Tafazali usome wakati batoto hawako.

Théoneste hakutaka kitu. Nilienda kwake asubuhi, nikamuambia trakteri inakataa. Akanifuata, basi. Siku tatu alifanya kazi kwetu, na kila siku mbele ya kurudi kwake aligeuza mifuko ya suruali yake nje, Pulchérie aone hajabeba hata skuru. Hakuna mutu alimuomba kufanya vile. Mi niliangalia pembeni.

Kaka, shafti ni mi niliitoa. Ni mwaka wa themanini na saba. Fundi moja wa Goma alikuwa anatafuta chuma kama ile, akanipa radio-cassette. Ile radio nilisema parrain yangu, baba wa ubatizo, alinipa. Mulicheza nayo Noeli, hata baba alicheza. Nilizani baba atatafuta shafti ingine na maneno itaisha. Baba akasema: ni Théoneste. Siku ulifungua ng'ombe nilikuwa nimesimama ku mulango. Mukandori, bibi ya Théoneste, alishika mukia ya ng'ombe mpaka ku barabara, alikuwa anaiita kwa jina. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na mudomo muzima, na nikanyamaza. Baba alikufa anaamini uongo yangu.

Nasikia aibu. Lakini kumuambia yeye mwenyewe, siwezi. Mara mbili nimefika ku uzio yake, nikarudi. Nitukane, kaka, utakavyo. Lakini unijibu.

Mudogo yako,
Cyiza

Nyakiriba, 3 Oktoba 1999

Kaka mukubwa,

Natumaini macho haijazidi, na shemeji na batoto bako bazima. Sisi tunapumua. Miezi ine bila barua yako. Nilisema basi, sina kaka tena.

Juzi lori ikafika na mashine. Nilitoka mbio kuipokea, kumbe dereva anauliza: "Kwa Théoneste ni wapi?" Jina yake njo iliandikwa ku sanduku. Nyakiriba muzima ilifuata ile lori. Baliishusha mbele ya nyumba yake, visu vine, muzuri kabisa, shafti mupya kando yake, na barua. Théoneste hajui kusoma. We ulijua hajui. Aliangalia watu, akaniona nimejificha nyuma, akaniita. "Kuja usome. Imetoka kwa kaka yako."

Nikasoma. Ulimusalimia vizuri, ukamuuliza magoti yake. Ulisema mashine ni yake, trakteri pia, na ng'ombe moja ya zizi yetu achague mwenyewe. Ulisema we ulifungua ng'ombe yake bila kuuliza swali hata moja, na unamuomba musamaha. Mukandori alikuwa analia. Halafu nikasoma mustari ya mwisho:

"Sababu ya haya yote, atakuambia huyu anayekusomea. Cyiza, kunja karatasi, umwambie."

Bote balingoja. Nikakunja karatasi. Nikasema, macho chini: shafti mi niliiba, si yeye.

Nilizani atanipiga. Ningemushukuru. Alisimama tu, akaangalia ile kundi yote ya watu, mpaka kule ku barabara bamama balisimama na vikapu ku kichwa. Halafu akaniambia, bila kupandisha sauti:

"Rudilia. Bale ba nyuma hawakusikia."

Nikarudilia.

Mudogo yako,
Cyiza